Milimita Tatu kwa Sekunde: Kusaka Mwendo Laini wa Vichwa vya Treni vya Mfano

Kichwa cha treni cha dizeli aina ya SD40-2, ambacho kampuni ya EMD ya Marekani ilianza kukitoa mwaka 1972, kina magurudumu ya kipenyo cha inchi 40, na mwendo wake wa juu kwa kawaida ni maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105. Kikipunguzwa hadi skeli ya 1:87, ile inayoitwa HO na inayopendwa kuliko zote duniani, gurudumu lake linabaki na kipenyo kisichofika milimita 12. Sasa mwenye nacho akitaka kitambae yadini kwa kasi inayolingana na kilomita moja kwa saa, kikakamate behewa bila kuligonga, itabidi kisogee milimita tatu na ushei kwa sekunde. Mota iliyo tumboni mwake, ambayo ikipewa volti 12 huzunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika, hapo inatakiwa izunguke mara moja na kidogo kwa sekunde, bila kusita wala kurukaruka.

Vichwa vingi, hasa vya zamani, mtihani huo vinaufeli. Husimama palepale mpaka umeme uongezwe, kisha huchomoka kwa kishindo. Mwenye nacho hukimbilia kusema mota ni mbovu, na siku hiyo hiyo anaagiza nyingine. Mara nyingi anakuwa amenunua kitu ambacho hakikuwa na tatizo. Kati ya reli na gurudumu umeme na mwendo hupita vituo vingi: gurudumu huuchukua umeme, waya huupeleka kwenye kaboni brashi, amecha, sehemu ya mota inayozunguka, huzunguka, shafti hupeleka mzunguko kwenye gia, na gia humalizia kwenye ekseli. Kila kituo kina namna yake ya kupoteza kitu. Mota ndicho kituo ghali zaidi, na kwa ushahidi wa meza nyingi za mafundi wa kazi hii, ndicho kinachopaswa kuguswa karibu na mwisho.

Ubao mzuri wa kujifunzia ni vichwa vya kampuni ya Athearn ya California. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni hiyo iliuza dizeli zilizoendeshwa kwa raba. Mota ilikuwa na shafti ndefu iliyopita juu ya magurudumu, na raba zilishuka kutoka kwenye shafti hadi kwenye ekseli. Bei ilikuwa chini, mbio zilikuwa za kutisha, na mwendo wa polepole haukuwepo kabisa. Baadaye zikaja gia, na kwa miongo kadhaa vichwa vya Athearn vilivyouzwa katika maboksi ya buluu vikawa chuo cha kila aliyetaka kujifunza kufungua, kusafisha na kurekebisha. Mpangilio wake ndio ambao dizeli nyingi za HO zinautumia hadi leo. Mota iko katikati, flaiwili moja, yaani gurudumu zito la kutunza mwendo, kila upande, halafu kuna shafti yenye joenti zinazopinda inayokwenda kila bogi, yaani fremu ndogo inayobeba magurudumu. Juu ya bogi kuna womu, yaani kipande chenye uzi kama wa skrubu, kinachozungusha gia iliyo chini yake. (Mota hiyo ilikuwa pana kiasi kwamba baadhi ya vichwa, kama GP9, vilitengenezewa bodi pana kuliko inavyostahili, ili tu iweze kuingia. Wapenda usahihi hawajaisamehe kampuni mpaka leo.)

Fundi mzoefu akipewa kichwa kinachorukaruka hakianzi kwa bisibisi. Anakiweka relini, anakitembeza polepole kadiri kinavyokubali, na anapima kwa rula umbali kati ya mruko mmoja na mwingine. Gurudumu la SD40-2 ya HO likizunguka mara moja husogea milimita 37 hivi. Kichwa kikiruka kila baada ya milimita 37, kosa liko kwenye ekseli: gia ina ufa, gurudumu limekaa upande, au kuna uchafu uliobanwa kati ya meno mawili. Kikiruka kila milimita mbili na nusu, na uwiano wa gia ni 15:1, kosa liko kwenye womu au shafti ya mota, kwa sababu hizo zinazunguka mara 15 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Miruko isiyofuata mpangilio wowote karibu siku zote ni ya umeme. Hesabu hiyo haigharimu senti, na inaokoa fedha nyingi za vipuri.

Ufa wa gia ya ekseli una historia yake. Vichwa vya Proto 2000 vilivyouzwa na Life-Like katika miaka ya 1990 vilisifiwa kwa umbo na kwa mwendo, lakini vingi vilikuja kuugua ugonjwa mmoja. Gia ya plastiki ilikuwa imeshindiliwa nusu-ekseli mbili za chuma, moja kila upande. Miaka ikapita, plastiki ikasinyaa, chuma hakikusinyaa, na gia ikapasuka. Ufa huo hauonekani vizuri kwa macho, unasikika. Ni mlio wa tak, tak, tak, mara moja kwa kila mzunguko, kwa sababu pale palipopasuka meno mawili yameachana kidogo na jino la gia ya jirani haliingii sawasawa. Dawa iliyozoeleka ni kuweka gia za ekseli za Athearn, zinazoingia palepale. Mtu aliyebadilisha mota kabla ya kusikiliza mlio huo alibaki na mota mpya na tak, tak, tak ileile.

Kuna kosa jingine ambalo hujificha mpaka kichwa kifike mteremkoni. Kwenye tambarare kinakwenda vizuri, kikipanda kinakwenda vizuri zaidi, ila kikishuka na mabehewa nyuma kinaanza kudundadunda kama gari la mwanafunzi asiyeizoea klachi. Sababu yake ni womu. Kichwa kinapovuta, meno ya gia huisukuma womu upande mmoja nayo hutulia hapo. Kinaposhuka, mabehewa yanakisukuma, magurudumu yanataka kuipita mota, na womu hurushwa upande wa pili. Msuguano unairudisha, mzigo unaisukuma tena, na hivyo hivyo mpaka chini. Ukifungua kifuniko cha bogi na kuishika womu kwa kibano, unaihisi ikicheza mbele na nyuma, pengine nusu milimita. Dawa ni washa nyembamba zinazoingizwa kati ya womu na bushi zake, moja baada ya nyingine, mpaka ibaki nafasi ndogo kabisa, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikibanwa mpaka isicheze hata kidogo, beringi zitapata moto na mota itaanza kuhangaika. Katika kazi yote hii hakuna marekebisho mengine ya bei ndogo yanayoleta badiliko kubwa kiasi hicho, na bado maduka hayayatangazi, labda kwa sababu washa hazina faida ya kutajirisha mtu.

Gia zilizotoka kiwandani na mabaki ya plastiki kwenye meno zimezua mabishano ya miaka mingi. Wapo wanaopaka dawa ya meno kwenye gia, wanakiacha kichwa kizunguke kwa muda, kisha wanaosha kila kitu kwa maji na sabuni. Hoja yao ni kwamba dawa ya meno ina unga laini wa kusugua unaoyalainisha meno ya gia kama unavyoyasafisha ya binadamu. Wengine wanasema anayefanya hivyo anaiharibu gia kwa mkono wake mwenyewe. Wote wana sehemu ya haki. Kwa gia za zamani zenye mikwaruzo dawa hiyo imesaidia wengi, lakini unga ukibaki kwenye bushi unaendelea kula shaba mwaka mzima. Njia salama zaidi ni kutafuta mabaki ya plastiki kwa lenzi, kuyakata kwa wembe, kisha kukitembeza kichwa nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma. Gia za leo hazihitaji dawa ya meno hata kidogo.

Kuhusu grisi, kosa la kawaida ni wingi. Kichwa kilichokaa sandukuni miaka 30 kina grisi iliyoganda ikawa ya rangi ya kahawia na ngumu, na mota inapoteza nguvu zake kuikata. Ikisafishwa kwa spiriti na kupakwa upya grisi nyepesi isiyodhuru plastiki, kichwa kilichokuwa kikidhaniwa kimekufa huamka. Halafu mwenyewe, kwa furaha, anaongeza matone mawili ya mafuta kwenye shafti ya mota. Mafuta yanatambaa mpaka kwenye komyuteta, pale kaboni brashi zinapogusa amecha, yanachanganyika na unga wa kaboni brashi, na tope linalotokea linapitisha umeme pale usipotakiwa kupita.

Zamu ya mota inafika hapa. Mota ya kizamani isiyo na ganda, yenye amecha ya ncha tatu, ina tabia ya kukwama. Kila ncha inapopita mbele ya sumaku hunaswa kidogo kabla ya kuachiliwa. Kwenye kasi kubwa mnaso huo hauonekani, lakini kwenye mzunguko mmoja kwa sekunde ndio unaoleta kusitasita. Ncha tano hupunguza mnaso, na amecha ambayo mifereji yake imekatwa kwa mshazari huupunguza zaidi, kwa sababu ncha moja huanza kunaswa kabla nyingine haijaachiliwa. Ndiyo maana Märklin ya Ujerumani, ambayo vichwa vyake vya zamani vilitumia mota ya koili badala ya sumaku ya kudumu, imekuwa ikiuza seti za kubadilishia zenye sumaku ya kudumu na amecha ya ncha tano. Bodi inabaki ya miaka ya 1960, na mwendo unakuwa wa kizazi kingine.

Uingereza ilichukua njia mbili za bei nafuu. Ya kwanza ni sumaku. Mota za Tri-ang za miaka ya 1950, maarufu kwa jina la X04, hupoteza nguvu za sumaku, hasa mtu akiitoa sumaku bila kuweka kipande cha chuma cha kuziba pengo. Wengi sasa huweka sumaku za neodimiamu, aina iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Japani na Marekani. Umeme unaotumika hupungua na joto hupungua. Mbio za juu nazo hupungua, jambo ambalo kwa kichwa cha treni ni faida. Ila sumaku kali zaidi hunasa ncha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kwenye mwendo wa kutambaa mtu anaweza kujikuta ameongeza mkwamo aliotaka kuuondoa. Wanaouza sumaku hizo hawapendi kulisema hilo.

Njia ya pili ilitoka kwenye kompyuta mbovu. Kampuni ya Lima ya Vicenza, Italia, iliwauzia Waingereza vichwa vya bei nafuu vyenye mota bapa iliyofungwa ubavuni mwa bogi, yenye kelele na ulafi wa umeme. Mtu fulani akagundua kwamba mota ndogo ya kiendeshi cha CD cha kompyuta inaweza kukaa mahali pale pale, gia ndogo ikahamishwa kutoka mota ya zamani hadi kwenye shafti mpya, na kichwa kikatulia. Kazi hiyo imerudiwa na maelfu. Wanaoifanya vizuri huongeza na vipande vya shaba vya kuchukua umeme kwenye magurudumu ambayo Lima iliyaacha bure, na inawezekana kabisa kwamba nusu ya sifa za mota ya CD ni za vipande hivyo vya shaba.

Juu ya zote imekaa mota isiyo na kiini cha chuma. Mjerumani Fritz Faulhaber ndiye aliyeivumbua namna ya kusuka koili inayosimama yenyewe bila chuma ndani, na jina lake likawa jina la aina nzima ya mota hizo. Kwa kuwa hakuna chuma cha kunaswa na sumaku, mkwamo haupo. Amecha inateleza kuanzia mzunguko wa kwanza. SB Modellbau ya Ujerumani huuza seti za kubadilishia zilizopimwa kichwa kwa kichwa. Mwendo wake ni wa kupendeza, na bei yake wakati mwingine inazidi ya kichwa chenyewe. Mota hizi zina udhaifu mmoja: koili yake nyembamba haina chuma cha kubeba joto, hivyo kichwa chenye gia nzito kikikwama huku umeme ukiendelea, huungua haraka. Anayeiweka juu ya gia zilizobana anachoma fedha.

Suala la uwiano wa gia halizungumzwi vya kutosha, na pengine ndilo lenye mantiki kuliko yote. Mota ya mizunguko 12,000 kwa dakika ikifungwa kwenye gia za 15:1 huizungusha ekseli mara 800. Kwa gurudumu la SD40-2, hiyo ni kasi inayolingana na kilomita 153 kwa saa, mwendo ambao dizeli hiyo ya mizigo haikuuota. Gia zikiwa 22:1, kasi inashuka hadi kama kilomita 105, ileile ya kichwa halisi. Wakati huohuo mota inapata mizunguko zaidi ya kufanyia kazi polepole, na kila mkwamo wa amecha unaonekana mdogo zaidi relini. Kwa maneno mengine, theluthi nzima ya uwezo wa mota ilikuwa imetengwa kwa mbio zisizohitajika. NorthWest Short Line ya Marekani ilijijengea jina kwa kuuza gia na sanduku za gia za kazi hii, hasa kwa vichwa vya shaba vya mvuke vilivyotengenezwa Japani, ambavyo mota iliunganishwa na gia kwa kipande cha mrija wa mpira na sauti yake ilisikika kuliko filimbi.

Mvuke una balaa lake la pekee. Fito za pembeni zinazounganisha magurudumu zinadai kwamba krenki ya kushoto na ya kulia zipishane kwa robo ya mzunguko, na pembe hiyo ilingane kwenye ekseli zote. Digrii chache tu za tofauti kwenye ekseli moja zinatosha kukifanya kichwa kichechemee. Mafundi wavivu hupanua matundu ya fito mpaka kila kitu kipite. Kichwa kinatembea, lakini kinatikisika. Garratt, aina ya mashine yenye seti mbili za injini, moja kila upande wa boila moja, huufanya mtihani huo kuwa miwili. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kupitia daraja la 59 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mashine 34 zilizojengwa na Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Mount Gelai imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Mfano wake kwa 1:87 hutaka njia ya milimita 12 kwa ajili ya reli ya mita, na mota mbili zenye tabia moja, au mota moja na nusu nzima ya mashine inayosukumwa tu.

Kisha kuna umeme wenyewe. Flaiwili inasifiwa kwamba humvusha dereva kwenye sehemu chafu ya reli, na ni kweli, kichwa kikiwa mbioni. Nishati iliyomo kwenye flaiwili hufuata mraba wa kasi. Kwa mizunguko 80 kwa dakika ina sehemu moja kati ya 22,500 ya nishati iliyo nayo kwenye 12,000. Kwa hiyo palepale inapohitajika zaidi, kwenye kutambaa juu ya makutano ya reli yenye plastiki katikati, haina chochote cha kutoa. Kinachosaidia hapo ni kuchukua umeme kwa kila gurudumu, kuchomelea waya mahali ambapo kiwanda kilitegemea vyuma kugusana, na kuyatupa magurudumu ya unga wa chuma ulioshinikizwa, ambayo uso wake wa vinyweleo hubeba uchafu. Tairi za mpira zinazoongeza mvuto zina gharama yake pia, kwani gurudumu lililovaa mpira halichukui umeme. Kapasita ndogo iliyofungwa pamoja na dikoda, kifaa cha kielektroniki kinachopokea amri za kidijitali na kuiendesha mota, ndiyo imechukua kazi ambayo flaiwili iliahidi, maana yenyewe hutoa umeme bila kujali kasi.

Dikoda imebadilisha mchezo, na imeleta uvivu. Mfumo wa kidijitali uliobuniwa na Bernd Lenz wa Ujerumani ulifanywa kuwa kiwango na NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Dikoda za kisasa huukata umeme wa mota mara nyingi kwa sekunde, na katika vipindi hivyo hupima umeme ambao mota yenyewe inauzalisha kwa kuzunguka. Umeme huo ukishuka, dikoda inajua mota imelemewa na inaongeza nguvu papo hapo. Dikoda za ESU hata hujipima zenyewe: ukiandika sifuri kwenye mpangilio namba 54 kisha ukabonyeza F1, kichwa huchomoka kwa kasi yote kwa kama sekunde moja na nusu, na dikoda inajipanga kulingana na mota iliyoikuta. Matokeo yanaweza kushangaza. Lakini dikoda haifungui bogi. Gia iliyobana inabaki imebana. Kinachobadilika ni kwamba sasa inasukumwa kwa umeme zaidi, kimyakimya, mpaka mota ipate moto. Vichwa vya zamani huongeza hatari nyingine: mota yenye sumaku iliyodhoofika, ikikwama, hunywa ampea nyingi kuliko dikoda ya kawaida ya HO inavyoweza kutoa. Anayepima kwa mita kabla ya kufunga hulipa dikoda moja. Asiyepima hulipa mbili.

Baada ya yote hayo kunabaki swali ambalo wengi hukutana nalo wakiwa wamechelewa. Treni za mizigo za Marekani huvutwa na vichwa viwili, vitatu au zaidi kwa pamoja, na kwenye mfano vyote lazima vikubaliane kasi, la sivyo kimoja kinavuta kingine kinaburuzwa na gia zake. Dikoda ina jedwali la kasi la hatua 28 la kulinganishia, lakini jedwali linaweza tu kumpunguza mwenye mbio. Haliwezi kumwongezea kasi asiye nayo. Kwa hiyo mtu akibadilisha gia za kichwa kimoja hadi 22:1 na kuacha vingine vitano vilivyo 15:1, hicho kimoja ndicho kinachoweka kikomo, na vingine vyote vitashushwa vikifuate.